Mfalme Aliyetembea Pwani ya Cap Ferrat

Mtu akitoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, baada ya kilomita kama 15 anafika Masako. Wenzetu wa sayansi wanapajua kwa sababu ya hifadhi ya msitu, hekta 2,000 na zaidi katika kona ya mto Tshopo, ambako wanakwenda kuhesabu panya na miti. Sisi wa lugha tunapajua kwa sababu baadhi yetu tunatoka huko. Njia ni ya udongo, na asubuhi inajaa baiskeli zilizobeba makala na mihogo kuelekea mjini. Huko hakuna mtu anayetembea tu. Anayepita ana anakokwenda na ana anachobeba. Ukionekana njiani mikono mitupu, watu watakuuliza kama una mgonjwa.

Kwa hiyo neno promenade lilinisumbua nilipokutana nalo kwanza katika somo la Kifaransa. Kamusi ilisema matembezi, tena ikasema ni mahali pa kufanyia matembezi. Picha ilionyesha njia nyembamba kando ya bahari, misonobari juu, mawe meupe chini, na wazee wawili wakitembea bila mzigo. Chini yake paliandikwa Saint-Jean-Cap-Ferrat. Kazi yetu ilikuwa kueleza picha kwa sentensi kumi. Nilieleza, nikapata alama nzuri, nikasahau. Baadaye, nikisoma historia ya mji wetu ulipokuwa unaitwa Stanleyville, nilikuta jina la Cap Ferrat katikati ya habari za mpira. Aliyeliingiza humo ni Leopold wa pili, mfalme wa Wabelgiji. Maisha yake yameandikwa mara nyingi. Mimi nitayasimulia kwa upande wa miguu yake.

Alizaliwa Brussels tarehe 9 Aprili 1835. Ujanani alikuwa msafiri wa kweli. Alikwenda Misri, na kabla hajawa mfalme akafika Ceylon, India na China. Mwaka 1862 alikaa Sevilla akipekua nyaraka za makoloni ya Hispania, akitaka kujua zilileta faida kiasi gani. Mtu huyu hakuogopa joto wala meli. Naomba msomaji alishike hilo mpaka mwisho.

Alipokea ufalme Desemba 1865. Mwanawe wa pekee katika ndoa, aliyeitwa Leopold kama yeye, alitumbukia kwenye bwawa, akaugua mapafu na kufa Januari 1869, akiwa na miaka 9. Kwenye mazishi mfalme alilia kwa sauti mbele ya watu. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli, na pia kwa kuwa tumezoea kumchora kama zimwi. Zimwi halidaiwi kitu. Leopold alikuwa mtu, aliyejua uchungu wa mzazi.

Ubelgiji ilikuwa nchi ndogo na wabunge wake hawakutaka koloni. Alitafuta peke yake. Mwaka 1876 aliwaita wasafiri na wataalamu wa jiografia Brussels, akazungumza juu ya sayansi na kukomesha biashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye alimwajiri Stanley. Mwishoni mwa 1883 Stanley alifika kwenye maporomoko yetu, yale ambayo Wagenia wanavulia samaki kwa mitego yao mikubwa, akaacha kituo kidogo na mzungu mmoja. Mwaka 1885 dunia ilikubali kuwa nchi hii ni Dola Huru ya Kongo. Haikuwa mali ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya Leopold, kama mtu anavyomiliki shamba, ila shamba hili lilizidi Ubelgiji ukubwa mara zaidi ya 70.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa lugha. Kituo cha maporomoko kilishambuliwa mwaka 1886 na wazungu wakakiacha. Leopold hakuwa na nguvu za kukirudisha. Februari 1887, huko Zanzibar, Stanley alipatana kwa niaba yake na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, awe wali wa maporomoko kwa mshahara wa kila mwezi. Mfalme aliyesema anapiga vita biashara ya watumwa alimwajiri tajiri ambaye misafara yake ilijulikana kwa pembe na watumwa. Tippu Tip alipanda meli pamoja na Stanley, wakazunguka kusini mwa Afrika, wakaingia mdomo wa mto na kuupanda hadi hapa. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika na watu wake, na chini ya uwali huo kikazidi kukaa. Baadaye Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na tunayo mpaka leo. Wali alifika. Aliyempa kazi hakufika, wakati ule wala baadaye.

Mfalme alikuwa na madeni. Alikopa kwa serikali ya Ubelgiji faranga milioni 25 mwaka 1890, na mwaka 1895 akaomba tena. Kilichomwokoa ni tairi la upepo, ambalo Dunlop alilitengeneza mwaka 1888. Baiskeli, kisha magari, vikahitaji mpira, na msitu wa Kongo ulikuwa na kamba za Landolphia zinazopanda miti na kutoa utomvu. Hazikuhitaji kupandwa wala kupaliliwa. Zilihitaji watu wa kuzitafuta.

Watu walitafutwa kwa njia inayojulikana. Kwa amri za miaka ya 1891 na 1892 mpira na pembe katika ardhi iliyoitwa tupu vikawa vya serikali. Kila kijiji kikapewa kiasi cha kuleta. Wanawake walifungwa kama rehani mpaka waume zao warudi na vikapu vimejaa. Askari wa Force Publique walidaiwa ushahidi kwamba hawakupoteza risasi, na ushahidi ukawa mkono uliokatwa. Kamba za karibu zilipokwisha, watu waliingia mbali zaidi, siku nyingi kwa miguu, wakilala mvuani, huku mashamba yakibaki na magugu. Waliokufa kwa risasi, njaa na magonjwa wanahistoria wanabishania idadi yao hadi leo, na wengi wanaihesabu kwa mamilioni.

Fedha zilikwenda wapi? Mwaka 1896 Leopold alitenga eneo kubwa kuzunguka ziwa Mai-Ndombe, ambalo wakati ule lilipewa jina lake, liwe la Taji. Mapato yake hayakupitia bunge lolote. Yalijenga tao la Cinquantenaire huko Brussels, na makumbusho ya Tervuren yaliyofunguliwa mwaka 1910. Kabla ya makumbusho hayo palikuwa na maonyesho mahali pale pale, mwaka 1897, na Wakongo 267 wakapelekwa kuonyeshwa katika vijiji vya bandia kando ya mabwawa. Saba walifariki: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Watu wetu walikwenda kwake. Safari kati ya Kongo na jumba lake ilifanywa na kila mtu isipokuwa yeye.

Yeye alitembea baharini. Aliyapenda matembezi kama daktari anavyoyaagiza, na aliiogopa homa ya mafua kupita kiasi. Inasimuliwa kuwa mvua ikinyesha aliziba ndevu zake ndefu kwa mfuko usiopitisha maji, na kwamba alikunywa maji ya moto siku nzima. Huko Ostend, mji wa mapumziko kwenye pwani ya Ubelgiji, alitaka kutoka kwenye nyumba yake hadi kwenye uwanja wa mbio za farasi bila kulowa. Kati ya 1902 na 1906 alijengewa ukumbi mrefu wa nguzo, karibu mita 400, ubavuni mwa ufuo, kazi ya msanifu Mfaransa Charles Girault. Mwaka ule ule wa 1906 ilimalizika reli ya kutoka kwetu Stanleyville hadi Ponthierville, kilomita 125. Nimejaribu kuziweka kazi hizi mbili kwenye ukurasa mmoja na bado macho yangu yanakataa.

Lakini Ostend ni baridi. Majira ya baridi alikwenda kusini, pwani ya Ufaransa. Desturi ya kutembea huko ilianzishwa na Waingereza: katika miaka ya 1820 wageni matajiri wa Nice walitoa fedha ili masikini wa mji, waliokosa kazi, wachonge njia kando ya bahari. Ndiyo iliyokuja kuitwa Promenade des Anglais. Mashariki kidogo ya Nice ni ghuba ya Villefranche, na baada yake ulimi wa nchi uitwao Cap Ferrat. Wakati ule palikuwa na wavuvi, mizaituni na maji machache. Leopold alinunua kipande, akanunua cha pili, akaendelea. Mwaka 1904 alipata nyumba ya Les Cèdres na bustani yake. Meli yake Alberta ilitia nanga ghubani chini ya nyumba. Alimjengea nyumba hata padri wake wa maungamo, ile ambayo miaka mingi baadaye ilinunuliwa na mwandishi Somerset Maugham. Wapo wanaosema mzee alitaka msamaha uwe karibu. Sehemu ya mali hizi aliificha chini ya majina ya makampuni, na nyingine chini ya jina la daktari wake.

Hapo alikuwa mzee wa miaka 70, mrefu, ndevu nyeupe hadi kifuani, akichechemea na fimbo, mara nyingine akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Matairi yalikuwa ya mpira. Sioni haja ya kuongeza neno. Pamoja naye alikuwa Blanche Delacroix, msichana Mfaransa aliyemchukua akiwa bado hajafikisha miaka 20, akamzalia wana wawili, wa 1906 na wa 1907. Watu wa pwani ile walimwona kama jirani mwenye adabu na mnunuzi mzuri.

Wakati huo huo ukweli ulikuwa unamfuata. Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona Antwerp kwamba meli zinaleta mpira na pembe, na zinarudi Kongo na bunduki na risasi. Ripoti ya Casement ilitoka mwaka 1904. Tume aliyoiteua mfalme mwenyewe, akitumaini itamsafisha, mwaka 1905 ilithibitisha mengi ya yale yaliyosemwa. Mwisho alilazimika kuiachia nchi, lakini hakuiachia bure. Ubelgiji ilichukua madeni ya faranga milioni 110, ikaahidi milioni 45 na nusu za kumalizia majengo yake, na juu yake milioni 50 za shukrani kwa mfalme. Zililipwa kutoka wapi, msomaji anaweza kukisia. Kabla ya makabidhiano ya tarehe 15 Novemba 1908, karatasi za Dola Huru zilichomwa Brussels kwa siku nane mfululizo.

Alifariki Laeken tarehe 17 Desemba 1909, siku chache baada ya padri kumfungisha ndoa na Blanche. Jeneza lilipopita, baadhi ya Wabelgiji walizomea. Sidhani walizomea kwa ajili yetu. Wengi walikasirishwa na msichana.

Nyumba za Cap Ferrat zikauzwa. Les Cèdres ilikwenda kwa familia ya watengeneza pombe ya Grand Marnier, ambao waliipanda maelfu ya mimea ya nchi za joto, na mwaka 2019 iliuzwa kwa euro milioni 200. Upande wa mashariki, kilomita chache tu, ni Roquebrune-Cap-Martin, ambako kiongozi mwingine wa nchi hii, Mobutu, naye alikuwa na nyumba kando ya bahari. Tofauti ni kwamba Mobutu alikuwa amefika Kisangani.

Leo njia ya miguu inazunguka Cap Ferrat kwa kilomita kama sita, inapita chini ya mnara wa taa na kuishia ufuo wa Passable, mbele ya ghuba ilipotia nanga Alberta. Ni bure na iko wazi kwa wote. Nyingine inatoka Beaulieu hadi Saint-Jean, nayo imepewa jina la Maurice Rouvier, waziri mkuu wa Ufaransa aliyekuwa na nyumba hapo. Nadhani ndiyo ile ya picha yetu. Nikipata siku moja nafasi ya kufika nitaitembea yote, bila mzigo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani Masako. Mjomba alinipeleka nyuma ya shamba, kwenye msitu ulioota upya, akanionyesha kamba nene iliyojizungusha mtini. Aliikata kidogo kwa panga. Utomvu ulitoka mweupe, akausugua kifuani pake, ukakauka, akaubandua kama ngozi. Babu yake ndivyo alivyofanya, alisema, maana hawakupewa chombo, na ulipobanduka uling'oa na nywele. Kisha akafuta panga, akaniuliza kama basi la jioni kwenda mjini bado linapita.