Edmond Thieffry na saa za ndeke yake: kutoka Brussels mpaka ziwa Tanganyika

Mukaaji wa Lubumbashi anayepanda ndeke leo kwenda Kalemie haulizi piloti anajuaje kama mabawa yako sawasawa ndani ya mawingu. Tablo ya mbele yake inamwambia. Edmond Thieffry aliruka wakati ambapo tablo ya namna hiyo ilikuwa haijafika, na ni huku kwetu mashariki ndiko alikufia.

Alizaliwa mwaka wa 1892 ku Etterbeek, mu Brussels. Alisomea sheria, alikuwa avoka. Vita ya 1914–1918 ndiyo ilimtia mu ndeke: aliangusha ndeke 10 za Wajerumani, kisha munamo mwezi wa pili 1918 naye akaangushwa, akafungwa. Vita ilipoisha akarudi ku kazi ya avoka.

Ila shauri moja halikumtoka kichwani. Kutoka Ubelgiji mpaka Kongo kwa meli ilikuwa majuma na majuma. Basi kwa nini watu wasipite hewani? Kampuni Sabena, iliyoanza 1923, ikatoa ndeke ya Handley Page W8f, na tarehe 12 mwezi wa pili 1925 Thieffry akatoka Brussels pamoja na piloti Léopold Roger na makanika Jef De Bruycker.

Ndeke ile ilikuwa na motere tatu: moja kubwa ya Rolls-Royce ku pua, na Puma mbili, kila upande moja, zote za kupozwa na maji. Motere tatu ni kazi mara tatu kwa macho. Mizunguko, mafuta, joto ya maji, vyote vinafuatwa kila dakika. Saa zinafanana, kwa hiyo lazima ijulikane bila kufikiri ni ipi ya kushoto, ipi ya katikati. Piloti akizima motere nzuri na kuacha ile inayougua, kwisha habari.

Wakavuka Sahara, wakapita Gao, Niamey, Zinder, Bangui, wakafika Léopoldville tarehe 3 mwezi wa ine. Siku 51! Hewani kwenyewe masaa 75 na kidogo tu. Siku zingine zote ziliishia chini.

Kumbe, saa za motere haziambii piloti juu ni wapi na chini ni wapi. Hiyo aliitafuta kwa macho, kwa kuangalia udongo. Mawingu yakifunga, masikio na mwili vinadanganya.

Mwaka wa 1928 Thieffry alijaribu tena kuja Kongo kwa ndeke, hakufaulu. Akaja hata hivyo, kutafuta njia za ndeke za ndani ya inchi. Tarehe 11 mwezi wa ine 1929, mvua ya radi ikamkuta karibu na ziwa Tanganyika. Ndeke ikaanguka, akakufa akiwa na miaka 36.

Miezi mitano kisha, tarehe 24 mwezi wa tisa, Mumarekani James Doolittle akaruka na kutua akiwa amefunikwa, haoni inje hata kidogo. Mbele yake kulikuwa chombo kipya kilichoonyesha mustari wa upeo wa macho.

Ku Etterbeek, kituo kimoja cha metro kinaitwa Thieffry.