William Lyons na Injini ya Silinda Sita

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kila niwasikiapo mafundi wakibishana kama injini ya silinda sita ya gari hili yakubali kuingia katika gari lile, humkumbuka William Lyons, Mwingereza aliyeanzisha magari ya Jaguar.

Lyons alizaliwa Blackpool mwaka 1901. Mwaka 1922, alipotimiza miaka 21, alishirikiana na William Walmsley kutengeneza vigari vya ubavuni mwa pikipiki. Baadaye akaanza kuyavisha magari ya wengine bodi za kupendeza. Kipawa chake kilikuwa jicho; kubuni injini hakukuwa kazi yake. Hata magari yake ya SS1 ya mwaka 1931 yaliendeshwa kwa injini za silinda sita za kampuni ya Standard. Umbo lilikuwa lake, moyo ulikuwa wa mwingine.

Vita vya pili vya dunia vilipokuwa vikimalizika, John Black, mkuu wa Standard, alikubali kumwuzia mitambo ya kuundia injini hizo. Lyons hakungoja. Alituma malori upesi yakaichukua. Black alipobadili nia na kuitaka irudi, Lyons alikataa katakata.

Hata hivyo, injini ile asili yake ilikuwa ya watu. Wakati wa vita, Lyons na wahandisi wake, akina William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, walikesha zamu kiwandani Coventry wakilinda moto wa mabomu, na katika kukesha huko wakaipanga injini yao wenyewe. Ilitoka mwaka 1948 kwa jina la XK: silinda sita katika mstari mmoja, lita 3.4, na kamshafti mbili juu.

Injini hiyo ilienea ajabu. Ilishinda mbio za Le Mans miaka ya 1951, 1953, 1955, 1956 na 1957. Ilitiwa katika E-Type mwaka 1961 na XJ6 mwaka 1968. Ile ya lita 4.2 iliendesha gari refu la Daimler DS420, lililobeba maharusi na hata majeneza, na pia kifaru chepesi cha Scorpion.

Lakini ndugu wa tumbo moja si lazima wavae kiatu kimoja. Silinda hedi zilitofautiana, kabureta zilitofautiana, na injini ya kifaru ilipunguzwa mgandamizo ili ikubali petroli ya jeshi. Kwa hiyo namshauri mwenye kununua injini kuukuu asitosheke na jina. Atazame nambari, gia, maunti na nafasi iliyomo chini ya boneti.

Ushindi wa 1955 ulimjia Lyons na msiba. John, mwanawe wa kiume wa pekee, alikufa katika ajali ya gari nchini Ufaransa akielekea Le Mans. Na katika mashindano yenyewe walikufa watu zaidi ya 80. Mrithi wa kiwanda hakuwapo tena. Mwaka 1966 Lyons, aliyepigania sana kuwa na injini yake mwenyewe, aliiunganisha kampuni yake na BMC. Alistaafu mwaka 1972, akafariki mwaka 1985. Injini ya XK iliendelea kutiwa katika magari mapya hadi mwaka 1992.