NKRUMAH NAYE ALIBEBA MABOKSI



Wa rika langu mtaikumbuka noti ile ya shilingi 500 yenye picha ya nyati. Nyuma yake kulikuwa na jengo, Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani. Noti hizo ndizo nilizokuwa nalipia intaneti kafe wakati natafuta chuo Marekani. Nimelipa nyingi kweli kweli, na sikujiuliza hata siku moja huyo Nkrumah mwenyewe alisoma wapi na nani alimlipia. Nilikuja kujua nikiwa huko huko Unyamwezini, naosha masufuria usiku kwenye bwalo la chuo, huku nyumbani nimewaambia nafanya kazi ofisini. Leo nawasimulia habari zake, maana najua wengine mnasoma hapa huku fomu ya chuo iko wazi pembeni.

Kwame Nkrumah alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Nkroful, Gold Coast, ambayo sasa ndiyo Ghana. Baba yake alikuwa sonara, mama yake mfanyabiashara mdogo, na kwa mama alikuwa mtoto pekee. Alisomea ualimu Accra akamaliza 1930, akafundisha shule za Wakatoliki. Watu wawili walimtia hamu ya Marekani. Mmoja ni mwalimu wake Kwegyir Aggrey, mwingine ni Mnigeria Nnamdi Azikiwe, aliyekuwa mhariri wa gazeti pale Accra. Wote walikuwa wamesoma huko. Azikiwe alipitia Lincoln, chuo cha watu weusi kilichoko Pennsylvania, na Nkrumah naye akaomba huko huko.

Sasa kasheshe ikawa hela. Mwaka 1935 alizamia meli mpaka Lagos kumfuata ndugu yake. Naam, Rais wa kwanza wa Ghana aliwahi kuzamia! Ndugu yake akampa paundi 100, mtu mwingine wa ukoo akaongeza 50. Akapitia Uingereza kuchukua viza, na akiwa London akakuta habari mitaani kwamba Italia imeivamia Ethiopia. Habari ile ilimchoma kuliko baridi.

Alifika Lincoln masomo yameshaanza, mfukoni ana paundi kama 40 tu. Ada haikutimia. Wakampokea kwa majaribio, akafanya vizuri, akapata msaada wa masomo na kazi ya maktaba. Hata hivyo haikutosha. Akawa anawaandikia wenzake kazi za darasani kwa dola moja moja. Hiyo msiige, siku hizi unafukuzwa chuo.

Likizo ya kiangazi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Bweni linafungwa, na yeye hana ndugu wa kufikia. Alienda Harlem, New York, akauza samaki kwenye mkokoteni, biashara ikafa na ngozi ikamwasha kwa vipele. Akaingia kiwanda cha sabuni kubeba mafuta na matumbo ya wanyama yaliyooza. Harufu we acha tu! Baadaye akapata kazi melini, akasugua vyungu na kuhudumia mezani. Kuna wakati alikosa pa kulala, akawa ananunua tiketi ya senti tano ya treni ya chini ya ardhi na kulala humo akienda na kurudi kati ya Harlem na Brooklyn. Siku nyingine, kwenye kituo cha basi Baltimore, aliomba maji ya kunywa. Mhudumu mzungu akamwonyesha kopo la kutemea mate, kwamba la kwake ndilo lile.

Wakati wa vita ya pili ya dunia alifanya kazi kiwanda cha meli kule Chester, zamu ya saa sita usiku mpaka saa mbili asubuhi, kwenye baridi ya kugandisha mikono, na mchana anasoma. Mwili ukagoma, akalazwa kwa nimonia.

Lakini shule hakuacha. Alipata digrii ya uchumi na sosholojia mwaka 1939. Mwaka 1942 akapata ya theolojia na ya uzamili katika elimu, na 1943 uzamili wa falsafa. Hapo hapo alikuwa rais wa chama cha wanafunzi wa Kiafrika wa Marekani na Canada. Mwaka 1945 alihamia London, akawa mmoja wa waandaaji wa Kongamano la Manchester, ambalo Jomo Kenyatta naye alihudhuria. Udaktari alioanza kuusomea London hakuumaliza. Mwishoni mwa 1947 alirudi nyumbani, miaka 12 tangu aondoke.

Mengine mnayajua. Alianzisha chama 1949, akafungwa 1950, akashinda uchaguzi wa Februari 1951 akiwa jela, akatolewa kwenda kuongoza serikali. Miezi michache baadaye Lincoln wakamwita kumpa udaktari wa heshima. Uhuru ulikuja tarehe 6 Machi 1957.

Tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 1958 serikali yake ilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na J. B. Danquah, aliyewahi kuwa naye chama kimoja, alifia kizuizini 1965. Mwaka uliofuata Nkrumah akapinduliwa na jeshi akiwa safarini, akaishi uhamishoni Guinea, akafariki Bucharest mwaka 1972.

Ila kuna jambo moja lililonigusa mimi. Hizi habari za samaki, sabuni na kulala kwenye treni tunazijua kwa sababu aliziandika mwenyewe, kwenye kitabu kilichotoka 1957 akiwa Waziri Mkuu. Hakuona aibu. Nilikisoma maktaba wakati ambao nilishaanza kufikiria kuacha shule nibebe maboksi moja kwa moja, ili hela ya kutuma nyumbani ilingane na uongo wangu. Usiku ule nilinunua kadi ya simu nikampigia mama nikamweleza ukweli wote. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama nimekula.

Sikuacha shule. Hela nilizotuma zilipungua, na hakuna aliyenilaumu.

Kwa hiyo we unayejaza fomu, piga hesabu ya ada yote kabla ya kupanda ndege, sio ya muhula wa kwanza tu. Maboksi utabeba, sio dhambi. Dhambi ni kuliacha darasa kwa ajili ya boksi, na kuwadanganya wanaokuombea.

Mlioko ughaibuni, nyumbani wanajua mnafanya kazi gani? Tupeni ukweli hapo chini.