Marcello Malpighi, daktari aliyemenya mti ili aujue ndani

Ukimenya gome la mti kulizunguka shina lote, mfano wa pete, mti haufi siku hiyo. Majani hubaki mabichi kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na mpita njia hudhani umesalimika. Kisha panavimba juu kidogo ya jeraha. Wafuga mbuzi wanaijua hali hii, na wanaobandua magome ya dawa wanaijua pia. Karne ya 17, daktari mmoja wa Italia alizimenya pete hizo makusudi, akataka kujua kwa nini panavimba juu ya jeraha na si chini yake.

Jina lake Marcello Malpighi. Alizaliwa mwaka 1628 Crevalcore, karibu na mji wa Bologna, katika familia ya wakulima wenye shamba lao. Alikuwa chuo kikuu cha Bologna mwaka 1649 alipofiwa na baba, mama na bibi mzaa baba. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo aliacha masomo kwa muda ili kuwaangalia wadogo zake. Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na majirani, familia ya Sbaraglia. Kumbuka jina hilo, msikilizaji, litarudi. Udaktari aliupata mwaka 1653.

Wakati huo hadubini ilikuwa chombo kipya, na madaktari wengi waliiona kama mchezo tu. Malpighi aliichukua kwa dhati. Mwaka 1661 alieleza vimishipa vyembamba mno alivyoviona kwenye mapafu ya chura, vinavyopitisha damu kutoka mishipa inayotoka moyoni kwenda ile inayorudi. Kwa ugunduzi huo peke yake jina lake lingedumu.

Akiwa anafundisha Messina, kisiwani Sicily, aliona tawi lililovunjika, nyuzi zimechomoza pale lilipokatika. Wewe na mimi tungelitupa jikoni. Yeye alizitazama kwa lenzi, akakuta ni mirija iliyojisokota kama springi ya kalamu. Alidhani mirija hiyo hupitisha hewa, kwa sababu wadudu nao wana mirija ya hewa inayofanana nayo. Hapo alikosea. Leo tunajua ni sehemu ya tishu iitwayo zailemu, inayopandisha maji kutoka mizizini.

Kwenye pete za gome alikaribia zaidi ukweli. Aliona kwamba kuna kitu kinashuka kutoka majani kupitia gome, na kikikuta njia imekatwa kinarundikana pale juu. Akafikiri kwamba majani ndiyo jiko la mmea. Kwenye miche ya jamii ya maboga aliondoa yale majani mawili manene yanayotangulia, na miche ikadumaa.

Leo tunaieleza hivi. Upande wa ndani wa gome kuna tishu ya floemu, inayosafirisha chakula kilichotengenezwa na majani. Zailemu iko ndani zaidi, kwenye mbao. Pete ikiondoa gome, maji yanaendelea kupanda, ndiyo maana majani hayanyauki haraka. Ila chakula hakifiki mizizini. Mizizi inaishi kwa akiba, akiba ikiisha inakufa, na hapo ndipo mti wote unakauka. Jeraha la upande mmoja tu huacha njia, na mti waweza kupona.

Mnazi ni habari nyingine. Wakwezi huuchonga ngazi shinani na bado unazaa. Kwenye mnazi, kama ilivyo kwenye mahindi, mirija ya maji na ya chakula imefungwa pamoja katika vifungu vidogo vilivyotawanyika shina zima, haikupangwa kwa duara chini ya gome. Ukichonga pembeni, vifungu vingi vya katikati vinabaki salama.

Mwishoni mwa 1671 maandishi yake kuhusu mimea yalifika mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, wakati uleule ambapo Mwingereza Nehemiah Grew alileta kitabu chake cha mambo hayohayo. Kitabu kamili cha Malpighi, Anatome Plantarum, kilichapwa London kwa sehemu mbili, 1675 na 1679, kikiwa na michoro mingi. Humo alichora hata vile vinundu vya mizizi ya jamii ya maharage. Hakujua kwamba ndani yake wanaishi bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Hilo lilisubiri karne ya 19.

Nyumbani hakupata amani. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, pamoja na hadubini, vitabu na maandishi. Mwaka 1689 daktari Giovanni Girolamo Sbaraglia, wa familia ileile ya mpakani, alichapa maandishi ya kupinga elimu yake, akidai kuchungulia vitu vidogo na kupasua mimea hakumponyi mgonjwa yeyote. Kwa mtu aliyetoa miaka yake yote hapo, hilo lilikuwa pigo zito kuliko moto.

Mwaka 1691 Papa Innocent XII alimwita Roma awe daktari wake. Malpighi alifia huko Novemba 1694, kwa kiharusi, na mwili wake ukarudishwa Bologna. Jibu lake kwa Sbaraglia alikuwa ameshaliandika. Lilichapwa London mwaka 1697, yeye akiwa kaburini.