Padre John Wallis na Vipeo Hasi

Wengi wenu mnao watoto au wajukuu katika shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa, nanyi mmewaona jioni wakikuna vichwa juu ya daftari la hisabati. Mahali pamoja panapowakwaza wengi ni vipeo hasi. Tumeona vema kuwaletea habari za mtu aliyeifungua njia hiyo, kwa sababu alikuwa padre wa Kanisa la Uingereza, na shuleni hakufundishwa hesabu hata kidogo.

John Wallis alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka 1616 katika mji wa Ashford, jimbo la Kent. Baba yake, padre wa mji ule, alifariki mwaka 1622. Tauni ilipoingia Ashford mwaka 1625, mtoto akapelekwa shule ya Tenterden, na baadaye Felsted. Alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Hesabu siku zile zilionekana kuwa kazi ya wafanya biashara, mabaharia na wapima ardhi, wala msomi hakujishughulisha nazo. Krismasi ya mwaka 1631 alimkuta mdogo wake nyumbani akijifunza hesabu ili aingie katika biashara. Akaomba aonyeshwe, na kwa muda wa wiki mbili hivi akawa ameyajua yote aliyoyajua ndugu yake. Sisi tuliofanya kazi ya ualimu twaipenda sana habari hii, maana si wakubwa wengi wanaokubali kufundishwa na wadogo zao.

Alisoma Cambridge, akapewa daraja ya upadre mwaka 1640. Vita kati ya Mfalme na Bunge vilipoanza mwaka 1642, jioni moja baada ya chakula alionyeshwa barua iliyoandikwa kwa maandishi ya siri. Akaifumbua kwa saa mbili tu. Tangu hapo Bunge likamletea barua za adui azisome. Mwaka 1644 akawa mwandishi katika baraza la Westminster, ambalo lilitaka Kanisa lisilo na maaskofu. Mwaka 1649 akapewa kiti cha mwalimu mkuu wa jiometri huko Oxford, kiti cha mtu aliyefukuzwa kwa kuwa upande wa Mfalme. Wallis hakuwa na jina katika hisabati wakati huo, na kwa maoni yetu ni zile barua za siri zilizompatia kazi. Hata hivyo, mwaka huo huo alitia sahihi yake pamoja na mapadre waliopinga Mfalme Charles asiuawe. Kwa mtu aliyekula mkate wa Bunge, hilo halikuwa jambo dogo.

Basi kiti alichopewa kwa siasa akakistahili kwa kazi. Mwaka 1656 kilitoka kitabu chake cha Kilatini, Arithmetica Infinitorum. Kabla yake watu walijua kwamba 2³ ni 2 kuzidishwa mara tatu, yaani 2 × 2 × 2. Lakini kipeo kikiwa sifuri, au chini ya sifuri, ni nini? Mfaransa Nicolas Chuquet alikwisha kuligusa jambo hilo mwaka 1484, ila maandishi yake hayakupigwa chapa mpaka karne ya 19. Wallis aliufuata mpango wa namba zenyewe, akauacha uendelee.

Tuchukue shamba la mikorosho la ekari 8 pale Ruangwa, ambalo kila kizazi hulikata nusu. Ekari 8 ni 2³. Nusu yake ni 4, yaani 2². Kisha 2, ambayo ni 2¹. Kila tukikata, kipeo kinapungua moja. Tukikata tena tunabaki na ekari 1, na kipeo chake hakina budi kuwa sifuri. Kwa hiyo 2⁰ ni 1. Tukikata tena ni nusu ekari: 2⁻¹. Tena, robo: 2⁻². Hapa ndipo watoto wanapopotea, wakidhani 2⁻¹ ni hasi 2. Mrithi wa nusu ekari hana deni la ekari mbili. Ana shamba, ila ni dogo. Alama ya hasi juu ya namba yaagiza kugawanya, haisemi kwamba kitu chenyewe ni pungufu ya sifuri.

Akilishika hilo, kurahisisha mitajo hakumsumbui tena. Mwambieni mtoto agawanye 6x²y⁻³ kwa 2x⁵y⁻¹. Kwanza 6 kwa 2 ni 3. Vipeo vya x: 2 kutoa 5 ni −3. Vipeo vya y: −3 kutoa −1 ni −2, na hapa aangalie sana, maana kutoa hasi ni kujumlisha. Amepata 3x⁻³y⁻². Herufi zenye vipeo hasi zishuke kwenye asili ya sehemu, hasi iondoke: 3/(x³y²). Asipoamini, aweke 1 mahali pa x na 2 mahali pa y. Pande zote mbili zitatoa robo tatu.

Kijana Isaac Newton alikisoma kitabu hicho akiwa mwanafunzi Cambridge, na katika barua ya mwaka 1676 ndiye aliyeandika vipeo hasi kwa alama tunazotumia leo.

Wallis hakuwa mtu mpole. Aligombana kwa maandishi na Thomas Hobbes karibu miaka 25, na ingawa katika jiometri haki ilikuwa yake, maneno yake yalikuwa makali kuliko yampasavyo padre. Twamsifu zaidi kwa kuwa alimfundisha kijana kiziwi, Daniel Whaley, kutamka maneno. Usiku alipokosa usingizi alifanya hesabu gizani: mwaka 1669 alitafuta kitandani kipeuo cha pili cha 3 yenye sifuri 40, akaandika jibu baadaye kwa kumbukumbu. Na watu walipobishana juu ya Utatu Mtakatifu, mwaka 1690 alitoa mfano wa mchemraba: una urefu, upana na kimo, vitu vitatu visivyochanganyika, na mchemraba ni mmoja.

Mfalme Charles wa Pili aliporudi mwaka 1660 hakumwondoa Oxford, bali alimfanya mmoja wa mapadre wake. Alikaa katika kiti kile miaka 54, mpaka alipofariki tarehe 28 Oktoba 1703, akazikwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria, Oxford.