Askofu Vincent Lucas na Jando la Masasi

Mtu anapoingia katika dini mpya, jamaa zake humwuliza swali moja kabla ya mengine yote: Je, mwanao atachezwa jando wapi? Mtu aweza kuacha tambiko, aweza kuacha pombe, lakini mtoto asiyetahiriwa wala kufundwa hana pa kuketi miongoni mwa wenzake. Katika nchi ya Masasi na Newala swali hilo lilikuwa zito hasa, na yuko mtu mmoja aliyelishughulikia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Naye ni William Vincent Lucas, Mwingereza, Askofu wa kwanza wa Masasi. Ingawa hakuwa Mwislamu, habari zake zamfaa kila mzazi.

Lucas alizaliwa mwaka 1883, akaja katika nchi hii enzi za Wajerumani akiwa padre wa misheni ya UMCA. Misheni hiyo ilianza Masasi mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa kutoka Unguja akawakalisha chini ya majabali ya huko. Mwaka 1882 ilivamiwa na Wangoni, wamisionari wakahamia Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Wamakonde, kwa jumbe Matola. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, Masasi ikateketezwa tena. Mwaka 1926 ilifanywa dayosisi, na Lucas akawekwa kuwa askofu wake.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wayao, Wamakua na Wamakonde, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye amri juu yake. Kwa hiyo kuzaliwa binti hakukuwa msiba huko, maana bila binti ukoo hukatika. Lakini watoto wakikua njia zao ziliachana. Wavulana walipelekwa porini kwa ngariba, wakakaa kambini muda mrefu wakifundwa. Wasichana waliingizwa unyagoni kwa makungwi. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliziona sherehe hizo na kuziandika. Mvulana alitoka jandoni akiwa mwanamume, na tangu siku ile kukaa jikoni kwa mama yake kukawa aibu.

Wamisionari wengi walitaka kuyakataza mambo haya yote. Lakini wazazi Wakristo hawakukubali watoto wao wachekwe. Wengine waliwapeleka kwa wazee wa mila, wengine kwenye jando la Waislamu, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka sana kati ya Wayao. Lucas aliona kwamba anayekataza bila kutoa badala yake hufukuza watu. Aliamini kuwa jando ni shule: humfundisha kijana uvumilivu, heshima kwa wakubwa na kazi yake katika mji. Makala yake juu ya faida ya malezi hayo ilichapishwa mwaka 1927.

Basi kukawa na jando la Kikristo. Padre alikaa kambini pamoja na wavulana; usafi wa kidonda ulitunzwa kwa dawa; palipokuwa tambiko la mizimu pakawa sala; nyimbo za matusi zikaondolewa. Wala isidhaniwe kuwa Lucas aliyafanya haya peke yake. Mapadre Waafrika, kama Kolumba Msigala, ndio waliojua lipi ni kiini cha jando na lipi ni takataka, na bila wao askofu asingefika popote. Ulinganishe na Kenya mwaka 1929, ambako misheni ya Waskoti ilipiga vita ukeketaji wa wasichana wa Kikikuyu kwa kuwataka watu wake waukane waziwazi, na maelfu wakalihama kanisa. Ni kweli kwamba mambo hayo mawili hayalingani, kwa kuwa huku Masasi wasichana hawakukeketwa.

Na wasichana je? Hapa ndipo kazi ya Lucas ilipopungua. Mwanamume hakanyagi unyagoni. Tena yeye mwenyewe hakuwa na mke, kwani watumishi wa misheni hiyo walitakiwa wasioe. Kwa hiyo unyago uliachwa kwa wamisionari wanawake na kina mama Wakristo wa mahali. Walijaribu kuusafisha kama jando lilivyosafishwa, lakini wamisionari hao walikuwa wageni wa siri za makungwi, na matokeo hayakulingana na yale ya wavulana. Mvulana alipata padre wa kumwambia kuwa yeye ni mtumishi wa Mungu. Dada yake, kwa sehemu kubwa, alibaki na somo lile la zamani la kumtumikia mume.

Lakini, ndugu msomaji, hata kama unyago ungalisafishwa vilevile, liko swali ambalo hakuna sherehe yoyote kati ya hizo mbili iliyoligusa. Uwanda wa Wamakonde hauna mito. Maji yalikuwa mabondeni, na wanawake na wasichana waliteremka ukingo na kuupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Kijana aliyetoka jandoni, liwe la mizimu au la msalaba, alirudi nyumbani akasubiri maji yaletwe na dada yake. Nani alisema kuwa Mungu aliumba kichwa cha msichana kwa ajili ya mtungi?

Wala sisi Waislamu tusijione tumepona. Hadithi zatueleza kuwa Mtume s.a.w. alishona viatu vyake na nguo zake na kuwasaidia wakeze kazi za nyumbani. Hata hivyo, ni nyumba ngapi zetu ambamo mvulana akishika ufagio huchekwa na baba yake mzazi?

Lucas aliacha uaskofu mwaka 1944 akafariki mwaka 1945. Mradi wa kupandisha maji uwandani kwa mitambo ulikuja katika miaka ya 1950. Jando na unyago vingaliko Masasi na Newala hata leo. Mavuno yakiisha, ngoma husikika, wavulana upande wao na wasichana upande wao.