Mtoro bin Mwinyi Bakari na Matamshi ya Wanafunzi wa Berlin

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Hiyo ni pwani ya Mrima, ambayo bandari zake, tangu Pangani na Mkwaja hadi Saadani na Bagamoyo, ziliwazoeza wenyeji kusikia Kiswahili cha wageni wa kila namna: wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu, na mwishowe Wajerumani.

Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887. Kazi iligawanywa: mwalimu wa Kijerumani, Carl Velten, alishika sarufi, mzawa wa lugha, aliyeitwa lekta, aliwazoeza wanafunzi kusema. Makosa ya mdomo, basi, yalimwangukia Mtoro.

Hayakuwa na uzito mmoja. Mjerumani amezoea kuitamka s iliyo mbele ya irabu kama z, hivyo saa yake husikika zaa. Kosa hilo halingojei, kwa kuwa limekwisha kuleta neno jingine. Vilevile p, t na k za mwanzo wa neno huzitoa kwa mpumuo. Kwa masikio ya pwani ya zamani, paa la nyumba lilikaribia kuwa paa wa mwituni. Hapa, hata hivyo, la na wa humwokoa msemaji, na hapana hasara akiachwa amalize sentensi yake. (Walimu wanaomkatiza mwanafunzi kila silabi wangefaa kulipima hili.)

Pwani alikotoka Mtoro ilikuwa na namna mbili za kusahihisha. Chuoni, anayesoma Kurani husimamishwa penye herufi iliyokosewa, akairudia. Barazani, kumkatiza mtu, hasa mkubwa, ni utovu wa adabu. Mwenyeji hulitia neno sahihi ndani ya jibu lake, na mgeni mwenye sikio hulidaka. Namna zote mbili zinadai kitu kimoja: anayesahihishwa akubali kwamba mwenziwe anajua zaidi. Lakini miongoni mwa wanafunzi wa Seminari walikuwamo maofisa na watumishi waliojiandaa kwenda kuwatawala watu wa kwao Mtoro, na kukosolewa na Mwafrika mbele ya wenzao hakukuwa jambo jepesi kwao. Mwaka 1903 baadhi yao walimtolea matusi ya ubaguzi wa rangi. Alilalamika, kisha akaiacha kazi.

Mwaka huohuo kilitoka kitabu Desturi za Wasuaheli. Sehemu yake kubwa ni kalamu ya Mtoro, ila kilitoka kwa jina la Velten, aliyeyakusanya na kuyahariri maandishi. Ni kinaya kisichopitika kimyakimya: Kiswahili cha mtu aliyetukanwa darasani kilichapishwa kama ushahidi wa lugha yenyewe.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kurudi Afrika Mashariki. Utawala wa koloni ukamkatalia mkewe kushuka melini, wakarejea Ujerumani. Kati ya 1909 na 1913 alifundisha tena, sasa Hamburg chini ya Carl Meinhof, kwa cheo cha msaidizi wa lugha. Alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake liliingia katika anwani ya kitabu chake mwaka 1981, J. W. T. Allen alipokitafsiri kwa Kiingereza.